Kipigo Kina Saa Yake

Mhadhara kwa wauguzi, wakunga, wazee wa mitaa na wenye mashimo ya dhahabu wa Misisi

Nimeombwa niseme juu ya ulinzi wa watu wanaotutibu. Nitasema bila kuzunguka.

Mwezi wa Februari 2021, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, ambalo sote tunaliita MSF, lilitangaza kwamba linafunga sehemu kubwa ya kazi zake katika teritware yetu ya Fizi. Lilikuwa limeingia Baraka mwaka 2003. Kwa miaka yote hiyo watu wake walitibu malaria, walipambana na kipindupindu cha pembeni mwa ziwa, walilea watoto wenye utapiamlo, waliwapokea wanawake waliobakwa na vijana wenye risasi mwilini. Wagonjwa hawakuwa wamekwisha. Shirika liliondoka kwa sababu mwishoni mwa 2020 wafanyakazi wake walishambuliwa vikali na watu wenye silaha, zaidi ya mara moja, likaona haliwezi kuendelea kuwatuma watu kazini huku likijua linawatuma mbele ya bunduki.

Waliofanya mashambulizi yale walikuwa wachache. Adhabu ilimwangukia nani? Ilimwangukia mama mwenye mimba wa Lubichako, mtoto mwenye degedege wa Nyange, mzee wa Kimbi mwenye ngiri iliyonasa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumgusa daktari kwa ubaya. Ndiyo maana nakataa maneno ya wale wanaosema kwamba usalama wa wauguzi ni shauri la wauguzi na wakubwa wao. Muuguzi akipigwa, yeye anaumia kwanza. Kisha anahama, na hapo tunaanza kuumia sisi.

Lakini leo sitakaa sana kwenye habari ya misafara ya mashirika inayoshambuliwa barabarani. Iko jeuri nyingine ambayo hakuna shirika linaloitangaza, kwa sababu anayepigwa hana pa kuondokea. Yeye ni mtoto wa hapa. Amepigwa kofi Jumanne usiku, Jumatano asubuhi yuko kazini na jicho limevimba, anachoma sindano. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wafanyakazi wa afya duniani hupigwa angalau mara moja katika maisha yao ya kazi. Wanaotukanwa na kutishwa ni wengi zaidi. Kwa hiyo tusidhani ni laana ya Misisi. Hospitali za miji mikubwa yenye walinzi na kamera zinalia kilio hiki hiki. Tofauti yetu ni kwamba hapa kofi halijaandikwa popote, na kitu ambacho hakijaandikwa hakuna anayekaa chini kukitafutia dawa.

Ninachotaka mwondoke nacho ni hiki: kipigo kina saa yake na mahali pake. Hakianguki kutoka mbinguni. Ukikaa na wauguzi kumi ukawauliza walipigwa wapi na lini, majibu yatafanana kama ndugu wa tumbo moja: usiku, mlangoni, nikiwa peke yangu, au asubuhi, mezani, wakati wa fakitira, au kolidoni, nilipotoka kusema kwamba mgonjwa amekufa. Na kitu kinachojulikana kitakuja saa ngapi na kupitia mlango gani, kinaweza kusubiriwa na kuzuiwa.

Chukueni usiku mmoja wa kawaida. Mchana dhahabu imeuzwa, pesa zimo mifukoni, pombe ya lutuku imenyweka. Santre ya afya ina muuguzi mmoja wa zamu. Sentinele, yaani mlinzi, ni mzee mwenye fimbo na koti. Saa tano za usiku inafika moto moja, yaani pikipiki, imebeba watu watatu: dereva, mwanamke katikati anayevuja damu, na mume nyuma anayemshikilia asianguke. Nyuma yao wanakuja wengine kwa miguu, sita, saba, wote na tochi za kichwani, zile za shimoni. Muuguzi anafungua mlango, na mianga yote inampiga usoni. Yeye haoni sura ya mtu, lakini wote wanamwona. Wanasema wote kwa pamoja. Anataka kumlaza mama, chumba kimejaa wanaume. Anawaomba watoke, hawatoki, kwa sababu nje ni giza na mvua na hakuna hata benchi. Anatafuta mshipa, na mshipa umelala kwa sababu damu imekwisha kwenda nyingi. Anahitaji mtu wa pili wa kushika serum, hayupo. Anahitaji nguo kavu, anayejua zilipo ni mtunza usafi aliyekwenda kulala kwake. Baada ya dakika ishirini anainua kichwa na kusema kwamba mama huyu ni wa kupasuliwa, apelekwe Lulimba au Baraka, na kwamba gari la wagonjwa halipo. Hapo mmoja anauliza: sasa wewe uko hapa kwa kazi gani? Na mkono unainuka.

Yaangalieni mambo yaliyoutangulia mkono ule. Mtu wa pili hakuwapo kwa sababu ratiba ya zamu haikumweka. Wanaume walijaa chumbani kwa sababu hakuna paa la kungojea chini yake, na kwa sababu hakuna mtu aliyepewa kazi ya kusema kwa heshima, "Gardi-maladi mmoja aingie, wengine tukae huku." Tochi zilimpofusha muuguzi kwa sababu santre haina taa ya barazani inayotazama nje, ambayo ingemwonyesha nani anakuja kabla hajafungua. Habari ya gari ilikuja mwisho, wakati kila mtu amechoka, ingawa tangu jioni ilijulikana kwamba gari halipo. Kama familia ingeambiwa pale pale mlangoni, "Damu hii inatisha, anzeni kutafuta usafiri wakati mimi nafunga mshipa," wale wanaume saba wangekuwa na kazi ya kufanya. Mwanamume mwenye hofu na asiye na kazi ya kufanya ni hatari. Ukimpa kazi, nusu ya hatari imepungua.

Sisemi kwamba mkono ule una haki. Hauna. Aliyempiga muuguzi ana hatia yake kamili, na nitarudi kwenye hatia hiyo. Nasema kwamba kati ya saa kumi na mbili za jioni na saa tano za usiku kulikuwa na nafasi za kuuzuia, na hakuna hata moja inayohitaji kibali kutoka Kinshasa wala Bukavu. Benchi, mabati machache, taa ya jua, jina la pili kwenye ratiba. Mwaka 2002 Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Afya Ulimwenguni, Baraza la Kimataifa la Wauguzi na shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa huduma za umma walitoa mwongozo wa pamoja juu ya jeuri kazini katika sekta ya afya. Nao haukuishia kumfundisha muuguzi upole. Ulidai yaangaliwe mapema namna kazi ilivyopangwa na mahali inapofanyikia. Hapa kwetu mara nyingi tunaanzia kwenye upole na kuishia hapo hapo. Muuguzi akipigwa, swali la kwanza analoulizwa ni: ulimjibu nini? Swali hilo linanikera. Kwanza aulizwe aliyepanga zamu.

Sasa nifike mahali panapouma, na ninajua baadhi yenu mtanikasirikia.

Wauguzi wengi wa nchi hii hawalipwi mshahara na Serikali. Wengine hawajapewa namba, wengine wanapata kitu kidogo kinachoitwa prime ya hatari, kinachofika au kisifike. Kinachowalisha ni mapato ya santre: mwisho wa mwezi pesa zilizolipwa na wagonjwa zinahesabiwa, dawa zinatolewa, makato ya juu yanatolewa, kinachobaki wanagawana. Maana yake ni kwamba yule yule anayekushika mkono usiku ndiye anayekushikia fakitira asubuhi. Ukilipa, watoto wake watakula. Ukitoroka, umetoroka na ugali wake. Na wewe, unapoambiwa kuna kipimo cha pili, kuna serum ya tatu, huwezi kujua kama ni mwili wako unaohitaji au ni sufuria yake. Pengine ni mwili kweli. Lakini shaka imeingia, na shaka ndiyo inayopandisha sauti mezani.

Kwa miaka ya MSF watu wa Fizi walizoea kutibiwa bila kulipa. Mtoto aliyezaliwa bure Baraka mwaka 2004 leo ni baba. Anapomleta mkewe na kuambiwa aweke kwanza pesa ya dhamana, yeye hafikiri juu ya bajeti ya taifa. Anafikiri muuguzi huyu ni mwizi. Vilevile mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilizindua Kinshasa mpango wa kujifungua bure. Ni mpango mwema, naupenda kwa moyo wote. Lakini redio inasafiri haraka kuliko dawa na haraka kuliko malipo ya santre. Mtu amesikia kwa sikio lake Rais wa Jamhuri akisema ni bure, anafika mahali mpango haujafika, muuguzi anasema lipa. Ahadi ameitoa mwingine. Kofi analipokea binti wa Misisi aliye zamu.

Na iko desturi moja ambayo lazima niitaje hapa mbele ya wazee. Mama amejifungua, hana pesa, anazuiwa wadini wiki nzima au mbili, analala kwenye mkeka ili mwingine apate kitanda, mpaka ndugu walete. Au mbaya zaidi: mtu amekufa na maiti inazuiwa kwa deni. Ninajua sababu, nimezisikia, na hesabu za santre ni hesabu za kweli. Lakini anayezuia maiti anaandaa fujo kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna kabila katika teritware hii, si Wabembe, si Wabuyu, si Wabangubangu, si Wafuliiru, si Wanyamulenge, si mgeni aliyekuja kwa ajili ya dhahabu, linaloweza kukaa kimya wakati mzee wao analala bila kuzikwa kwa ajili ya faranga. Desturi hiyo iachwe. Deni la marehemu lipelekwe kwenye CODESA, kamati ya afya ya wananchi, na kwa mkubwa wa mtaa, walijadili na familia baada ya matanga, kwa karatasi na sahihi. Zitapotea pesa kiasi, ndiyo. Dirisha moja lililovunjwa na muuguzi mmoja aliyehama vinagharimu zaidi.

Mengine juu ya pesa ni mepesi kuyasema na yanawezekana. Bei ziandikwe ukutani kwa rangi, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka kutoka mlangoni, bei moja ya jumla kwa kila ugonjwa, ili pasiwe na kuongeza kidogo kidogo. Mtu wa kupokea pesa awe mwingine kabisa, asivae blauzi nyeupe, asikae chumba cha matibabu. Na usiku pesa isitajwe. Anayevuja damu afungwe damu. Fakitira ina asubuhi yake.

Juu ya bunduki nitasema kwa uzito, kwa sababu Misisi bunduki haimshangazi mtu. Askari wa FARDC wanapita, Mai-Mai wanapita, Wazalendo wanapita, na siku nyingine anayepita hajulikani ni wa nani. Wote wanaugua malaria, wote wanajeruhiwa, wote wana wake wanaojifungua. Wauguzi wanaogopa mambo mawili: kuambiwa, "Mtibu huyu kabla ya wale," na kuambiwa, "Tupe yule aliyelala kitanda cha tatu."

La pili lina historia katika jimbo letu. Tarehe 6 Oktoba 1996, mwanzoni mwa vita vya AFDL, hospitali ya Lemera katika teritware ya Uvira ilishambuliwa. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wagonjwa wakiwa vitandani, pamoja na wauguzi. Daktari mkuu wa hospitali ile alikuwa Denis Mukwege. Alinusurika kwa kuwa siku ile hakuwapo, na baadaye, mwaka 1999, alianzisha Panzi kule Bukavu. Dunia inamjua kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 2018. Sisi wa Kivu Kusini inatupasa kukumbuka pia kwamba kabla ya Panzi kulikuwa na Lemera. Na jambo lile halikubaki mwaka ule. Mwishoni mwa Februari 2025, Umoja wa Mataifa ulieleza, wapiganaji wa M23 waliingia usiku katika hospitali mbili za Goma, CBCA Ndosho na Heal Africa, wakachukua wagonjwa na majeruhi wasiopungua 130 wakisema ni askari.

Sheria ya vita haina utata hapa. Mikataba ya Geneva inasema aliyejeruhiwa akaweka chini silaha ni mgonjwa, basi, awe wa upande wowote, na anayemtibu haguswi. Mei 2016 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2286 kurudia jambo hilo hilo mbele ya dunia nzima. Lakini usiku wa manane muuguzi hawezi kulisoma azimio kwa sauti. Kinachomsaidia ni mazungumzo yaliyofanyika mapema, mchana, na watu wengine. Mkubwa wa kikundi, pasta, imamu, daktari mkuu wa zoni ya afya waende kwa kila kamanda wamwambie: lile bango la santre lenye picha ya bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu si pambo. Kijana wako akija, bunduki ibaki nje ya ua kwa mwenzake. Isiachwe kwa sentinele, maana sentinele akianza kutunza bunduki, santre imekuwa ghala la silaha na imepoteza ulinzi wake. Na kila kamanda akibadilishwa, mazungumzo yaanze upya siku hiyo hiyo. Wengi tunasahau hili la mwisho. Tulikubaliana na yule wa zamani, huyu mpya hakuna aliyemwendea, na wa kwanza kukutana naye anakuwa mkunga.

Upande wetu nao uwe safi. Gari la wagonjwa lisibebe risasi hata kwa rafiki. Muuguzi asivae kofia ya kikundi, asipeleke salamu za kikundi, asiseme kijiweni nani amelala wadini na ana jeraha la nini. Mdomo wa muuguzi mmoja unaweza kuuweka mlango wa santre wazi kwa wauaji.

Kuna jeuri inayotoka kwenye uvumi, na Butembo ilitufundisha kwa gharama kubwa. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, watu 2,287 walikufa, na vituo na timu za afya zilishambuliwa mara zaidi ya 400. Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Ulimwenguni, alipigwa risasi tarehe 19 Aprili 2019 ndani ya hospitali ya chuo kikuu Butembo, akiwa mkutanini. Watu walikuwa wamekaa miaka mingi wakiuawa kule Beni bila msaada kuonekana. Ghafla kwa ugonjwa mmoja magari yakajaa, pesa zikajaa, wageni wakajaa. Walijiuliza: kwa nini sasa? Hakuna aliyewajibu kwa heshima, uvumi ukawajibu. Kwa hiyo hapa kwetu, kabla ya chanjo mpya, kabla ya kufungua kituo cha kipindupindu, kabla ya kumwaga klorini kwenye nyumba ya mtu, wazee wakae kwanza. Wabembe wana lubunga, nyumba ya wazee ya kusemea maneno mpaka yaishe. Habari ya afya ipite hapo kwanza, na maswali mabaya yaulizwe hapo, mbele ya daktari, badala ya kuulizwa kwa mawe.

Na kifo. Nitasema kwa ufupi kwa sababu wauguzi wa siku nyingi mnajua kuliko mimi. Habari ya kifo isitolewe kolidoni, wala na mtu mmoja, wala na mwanafunzi wa stage aliyetumwa kwa sababu wakubwa wanaogopa. Waende wawili. Wamwite kwanza mkubwa wa familia na mwanamke mzima mmoja, wakae nao chini, mlango ukiwa nyuma ya muuguzi na si nyuma ya familia. Aseme wazi kwamba amefariki, aseme kilichofanyika tangu alipofika, kisha anyamaze. Wakitaka kumwona wamwone. Mara nyingi kinachowasha moto si kifo chenyewe. Ni kusikia kilio cha mtu mwingine kabla hujaambiwa, au kumwona muuguzi anapita anacheka na mwenzake wakati wewe bado hujaambiwa.

Wakunga na wauguzi wanawake wana hatari yao ambayo hawaisemi mkutanini. Agosti 2024, kule Kolkata nchini India, daktari kijana mwanamke aliyekuwa zamuni alibakwa na kuuawa ndani ya hospitali kubwa ya serikali. Baada ya saa nyingi za kazi alikwenda kupumzika katika chumba cha mikutano. Madaktari wa India waligoma, mahakama ya juu kabisa ya nchi ikaunda tume. Mimi nilipoisikia habari ile nilifikiria santre za kwetu. Mkunga wa zamu analala wapi? Mlango una komeo la ndani? Choo kiko nyuma ya jengo, penye giza, anakwenda na nani saa nane za usiku? Ninawaomba wazee mkague hivyo kwa macho yenu, usiku, kwa miguu. Na mwanamke anayerudi kwake saa kumi na moja za alfajiri asirudi peke yake.

Nimesema nitarudi kwenye hatia. Desturi yetu muuguzi akipigwa ni kusuluhisha: anakuja mjomba wa aliyepiga, analeta mbuzi au faranga kidogo, watu wanasema yaishe, ni wetu wote. Usuluhishi una heshima yake, nami siudharau. Lakini angalia anayesuluhishwa ni nani. Ni titilere, muuguzi mkuu wa santre, aliyeambiwa kwamba akienda polisi santre itachomwa. Huko si kupatana, huko ni kunyamazishwa. Kanuni ya adhabu ya Kongo inaadhibu kupiga na kujeruhi, na haikuandika kwamba waliovaa blauzi nyeupe hawahusiki. Tusiseme pia kwamba sheria haifiki huku. Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikuja yenyewe mpaka Baraka, wanawake wa Fizi waliobakwa usiku wa mwaka mpya wakasimama mbele yake, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20. Kama kanali alihukumiwa Baraka, mlevi mmoja wa mtaani hawezi kuwa mkubwa mno kwa sheria. Malalamiko yapelekwe na kamati, kwa jina la kamati, asiachiwe muuguzi abebe peke yake jina na hofu.

Ili kamati iwe na cha kupeleka, pawe na daftari. Daftari la shule linatosha. Tarehe, saa, mahali, kilichotangulia, kilichotokea, nani alikuwa zamu, watu wangapi walikuwapo. Matusi yaandikwe, vitisho viandikwe, hata mlango uliopigwa teke. Baada ya miezi mitatu lisomwe mbele ya CODESA na nakala iende ofisi kuu ya zoni. Mtaona wenyewe jeuri inavyorundikana kwenye saa zile zile na mlango ule ule, na hapo ndipo mtajua benchi liwekwe wapi. Na aliyepigwa asirudishwe kesho yake kwenye zamu ile ile. Apimwe, apewe karatasi ya daktari, apumzike bila kukatwa sehemu yake ya mapato, na mwenzake amtembelee nyumbani. Nimeona wauguzi hodari wakiacha kazi, na kilichowauma zaidi kuliko kofi ni kwamba kesho yake hakuna aliyewauliza hali.

Nani atalipa mambo haya? Hapa nawageukia ninyi wenye mashimo, mnaoitwa maPDG, na wanunuzi wa dhahabu. Mji huu umesimama juu ya dhahabu. Udongo wa mgodi wa Akyanga umewavuta watu kutoka Maniema, Tanganyika, Uvira, Bukavu, na vijana wenu wanaovunjika miguu shimoni ndio wanaoletwa usiku na tochi zao kichwani. Mtu wa pili wa zamu ya usiku, nasema malipo yake ya mwezi, mashimo machache yakichanga kila wiki hayatayasikia hata kidogo. Mafuta ya moto moja ya kumpeleka mgonjwa, ikae tayari, na dereva anayejulikana kwa jina: hilo nalo ni lenu. Na kila shimo liwe na mtu mmoja mwenye akili timamu, asiyekunywa, ambaye kijana akiumia yeye ndiye anayemsindikiza, yeye ndiye anayesema na muuguzi, wengine wabaki.

Mkiridhia, tusitawanyike kabla ya kupanga wiki hii inayokuja. Titilere yupo, amekuja na ratiba yake. Kila mtaa utoe mtu mmoja wa kukaa barazani usiku, kuanzia saa mbili mpaka alfajiri, mtu mzima anayeheshimiwa, asiye na silaha. Mama wa kamati ya wakunga waseme ni usiku gani wanahitaji mtu wa kuwasindikiza na njia ipi inawatisha. Wenye mashimo waseme moto itatoka kwa nani. Tuanze na Jumatatu: nani analala pale?